Kinu cha nyuklia kwa ajili ya seva?

SWALI: Nasikia Google na Amazon wanataka vinu vidogo vya nyuklia viendeshe vituo vyao vya data. Huku Bahi tunaambiwa urani ipo ardhini. Kampuni za Dodoma zinangoja nini?
Msomaji, Area C

JIBU: Kuwa na urani si kuwa na mafuta ya kinu. Ya ardhini ina asilimia 0.7 tu ya U-235, aina ya urani inayotoa nishati. Vinu vya kawaida hutaka asilimia 3 hadi 5. Baadhi ya vipya hutaka karibu 20, na wauzaji wa mafuta hayo ni wa kuhesabu.

Kuna na joto. Kinu kimoja kidogo cha NuScale, kampuni ya Marekani, hutoa megawati 77 za umeme kutokana na megawati 250 za joto. Zile 173 zinazobaki lazima zitupwe majini au hewani, na maji ya Dodoma tunayajua. Chumba cha seva cha megawati 2 kinu hicho cha nini? Tena husimama kubadilishiwa mafuta, kwa hiyo jenereta utanunua tu.

Hata Google, katika mkataba wa 2024 na Kairos Power, kampuni inayobuni vinu, inanunua umeme. Kinu si chake. Mradi wa NuScale wa kuhudumia miji ya Utah ulifutwa 2023, gharama zilipopanda.

Kwako: laini mbili za TANESCO, betri za dakika 15, jenereta yenye dizeli ya saa 48. Ila hakikisha laini hizo zinatoka vituo tofauti vya kupozea umeme. Wengi huzivuta kutoka kimoja. Kikizimika, zote zimekwenda.