York kwa saa mbili: kutoka Minster hadi Clifford's Tower

Dada, umeuliza kama saa mbili kati ya treni na treni zinatosha kutembea York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, ukiwa na mama mtu mzima. Zinatosha kabisa. Stesheni hadi kanisa kuu la Minster ni kama robo saa, na kutoka hapo hadi Clifford's Tower, mnara wa kale wa mawe juu ya kilima, ni robo nyingine. Kwa mwendo wa mama, ongeza dakika kumi kila upande.

Nje ya Minster, upande wa kusini, kuna sanamu ya Konstantino, aliyetangazwa kaisari wa Roma mjini humo mwaka 306. Mwoneshe mama, kisha msikawie.

Muda wenu uwekeni Shambles. Ulikuwa mtaa wa wachinjaji, na kulabu za kutundikia nyama bado zipo juu ya baadhi ya madirisha. Chini yake kuna mbao pana walizopangia nyama. Ghorofa za juu zimejitokeza mbele, paa zinakaribia kugusana. Njia ni ya mawe, basi mama avae viatu bapa. Nendeni asubuhi, mchana hapapitiki.

Clifford's Tower ina ngazi zaidi ya hamsini, mama asipande. Simameni chini, msome kibao: mwaka 1190 Wayahudi wapatao 150 walikimbilia mnara wa mbao uliokuwa juu ya kilima hicho, umati ukawazingira, wengi wakajiua. Mwezi Machi kilima chote huwa cha manjano kwa maua. Mimi nilikaa pale muda mrefu kuliko kanisani.