Kukaza uso kwa upasuaji na ngozi ya baadaye

Dada, umeuliza kama upasuaji wa kukaza uso utaiharibu ngozi yako miaka ijayo. Kwa kawaida hapana, lakini pia hauitibu. Daktari anakaza tishu za chini na kukata ngozi iliyozidi. Madoa na mikunjo midogo midogo inabaki vilevile, na uzee unaendelea na safari yake.

Mimi ningeogopa zaidi sigara. Ngozi ikiinuliwa, mishipa midogo ya damu hukatika, hivyo inaishi kwa damu ya mishipa michache iliyobaki. Nikotini ya sigara huibana hiyo hiyo michache, na kipande cha ngozi, hasa nyuma ya sikio, kinaweza kufa na kuacha kovu baya. Madaktari wengi hutaka uache wiki 4 kabla na wiki kadhaa baada. Na shisha ni yale yale, usijidanganye.

Kovu huchukua hata miezi 12 au zaidi kukomaa. Likipigwa na jua mapema linaweza kubaki jeusi. Ganzi mashavuni na masikioni huisha taratibu, ingawa kwa wachache haiishi kabisa. Na kama uliwahi kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, mwambie daktari kabla hajashika kisu.