Mbona "receipt" ina p isiyotamkwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Juzi mgeni Mwingereza alinikatiza mbele ya wenzangu, akaniambia t ya "often" haitamkwi. Jioni ya siku hiyohiyo mgeni mwingine, naye Mwingereza, akaitamka t hiyo waziwazi. Halafu kuna mgeni wa Marekani aliyekuwa akisema "aks" badala ya "ask". Alipoondoka, mwenzangu akamcheka. Nani yuko sahihi? Na kama herufi haitamkwi, iliwekwa ya nini?

JIBU: Marahaba dada yangu. Nianze na lile la mbele ya wenzako, maana najua linavyouma. Hukukosea. Kamusi kubwa za Kiingereza za leo zinatoa matamshi yote mawili ya "often", lenye t na lisilo na t. Mgeni wako alitamka sawa, ila kukukosoa ndiko kulikokuwa kosa.

Sasa tuitazame hiyo t kwa karibu. Sema neno hilo polepole, bila kutia irabu yoyote baada ya f. Meno ya juu yanagusa mdomo wa chini, unapata f. Ncha ya ulimi inapanda kwenye ufizi nyuma ya meno, unapata t. Kabla ulimi haujashuka, n nayo inadai nafasi palepale. Konsonanti tatu zimebanana pasipo pumzi katikati, na ukisema kwa haraka ile ya kati inadondoka yenyewe. Ndivyo ilivyowatokea Waingereza, kiasi cha karne ya 17, na si katika neno hilo peke yake. T ya "listen", "fasten", "soften", "castle" na "whistle" zote zilikwenda njia hiyo.

Sisi msongamano wa namna hiyo tunautatua kwa njia nyingine. Kiarabu kilipotupa "waqt" tulisema wakati. "Ilm" ikawa elimu, "hukm" ikawa hukumu. Mswahili huongeza irabu ili kila konsonanti ipate pa kukaa. Mwingereza huitupa konsonanti moja na kuendelea na safari. Ndiyo maana ukimsikiliza kwa sikio la Kiswahili unaona kama anakula maneno.

Lakini t ya "often" ilibaki kwenye maandishi. Shule zilipoenea katika karne ya 19, watu wengi zaidi wakaanza kulijua neno kwa macho, wakaiona t, wakaitamka. Hivyo mgeni wako wa jioni amefufua sauti iliyokuwepo zamani. Angalia tu usiichukue kuwa kanuni: "listen" na "castle" hazikurudishiwa t zake, na ukizitamka humo utakuwa umekosea kweli.

Umeuliza herufi iliwekwa ya nini. Hapa ndipo mahali ninapopenda kukaa darasani, kwa sababu herufi bubu za Kiingereza si za aina moja. Zipo zilizowahi kuishi zikafa, na zipo ambazo hazikuwahi kuishi hata siku moja.

Chukua "knife", "know" na "knee". Ile k ilitamkwa kabisa, na Wajerumani hadi leo wanaitamka katika "Knie", yaani goti. William Caxton alipoleta mtambo wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, k bado ilikuwa hai midomoni mwa watu. Uchapaji ukaanza kuigandisha tahajia, lakini sauti hazikuganda. K ikafa baadaye, maandishi yakabaki kama nguo za marehemu kabatini.

Aina ya pili unaishika mikononi kila siku pale kaunta: "receipt". Waingereza walilipokea neno hili kutoka Kifaransa, nacho hakikuwa na p. Baadaye wasomi waliokipenda Kilatini wakakumbuka kwamba asili yake ya mbali ni "recepta", wakaichomeka p ili ukoo wa neno uonekane. Ndugu zake wawili, "deceit" na "conceit", wana asili ileile ya Kilatini, lakini leo wanaandikwa bila p. Kwa hiyo usitafute mantiki hapo; ni kazi ya mikono ya watu. "Debt" nayo iliandikwa "dette" kabla ya kupachikwa b ya "debitum". "Island" iliandikwa "iland", bila s, hadi walipoifananisha na "isle", neno la Kifaransa ambalo halina undugu nalo.

Na tazama Waswahili walivyofanya. Sisi tunasema risiti. Hakuna p. Waliolileta neno hilo kwetu hawakulinakili kutoka karatasini, walilisikia likisemwa, wakaandika walichosikia. Mtu akikuambia Kiswahili kimeliharibu neno la Kiingereza, mwambie tahajia yetu iko karibu zaidi na mdomo wa Mwingereza kuliko tahajia yake mwenyewe.

Kero hizi ni za zamani sana. Katika mchezo mmoja wa Shakespeare uliochapwa mwaka 1598 yumo mwalimu mmoja anayewaka hasira kwa sababu watu wanasema "det" pasipo b, na "dout" pasipo b. Yeye alitaka kila herufi isikike. Watu wakaendelea kusema walivyosema, na leo ukitamka b katika "debt" au "doubt" utaonekana umekosea. Kwa maneno kama haya nakushauri bila kusita: usiitamke.

Sasa "aks". Hili naomba umwambie mwenzako kwa upole, lakini mwambie. Kiingereza cha kale kilikuwa na maumbo mawili ya kitenzi hicho, "ascian" na "acsian", na yote yaliandikwa. Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, aliliandika kwa x. Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535, Biblia nzima ya kwanza kuchapwa kwa Kiingereza, pale tunaposoma "Ombeni, nanyi mtapewa" imeandika "Axe". Baadaye lahaja iliyopata nguvu ikashika "ask", na umbo la pili likabaki katika baadhi ya lahaja za Uingereza, visiwa vya Karibi, na miongoni mwa Wamarekani weusi. Aliyechekwa pale mapokezi alikuwa amebeba tamshi ambalo lina miaka zaidi ya elfu moja.

Kwa nini basi linawakera watu? Kwa sababu tamshi linataja mtu katoka wapi kabla hajasema jina lake. Ireland ya Kaskazini jina la herufi h pekee, "aitch" au "haitch", limetumika kumkisia mtu kama ni Mprotestanti au Mkatoliki. Hata sisi, anayeandika "hasante" au kusema "abari" tunamweka kwenye fungu fulani papo hapo, ilhali ujumbe wake tumeuelewa vizuri. Sisemi yote ni sawa popote. Wewe mwenyewe ukiwa kazini tumia "ask", kwa sababu ndilo umbo linalokubalika kwenye Kiingereza cha ofisi, na wageni wengi watakuelewa bila kusitasita. Lakini kumcheka anayesema "aks" kama mtu asiyesoma ni kutoijua lugha yenyewe.

Kwa "often", chagua moja na ubaki nalo. Mimi naitamka bila t, kwa sababu tu ndivyo nilivyofundishwa, na wanafunzi wangu wanaoitamka siwakati alama.

Nimalizie na jambo ambalo hukuliuliza lakini litakufaa mezani pako. Mgeni akijaza fomu kwamba anatoka Leicester, sema "Lesta". Gloucester ni "Glosta", Worcester ni "Wusta", na Greenwich w yake haisikiki kabisa. Majina ya miji ya Uingereza yamekatika vipandevipande mdomoni kwa karne nyingi, na hakuna kanuni itakayokutosha kuyajua yote. Ukilikuta usilolijua, muulize mgeni mwenyewe mji wao wanautamkaje, kisha urudie kama alivyosema. Mara nyingi atafurahi kuulizwa.