Mwani, sinia na watoto: niliyoyapata kwa Margaret Gatty

Ukitaka kuwafundisha watoto mimea, usianze na majina. Wape mmea mkononi, wauvute, waunuse, wachafuke nao, majina watakuja kuyadai wenyewe. Nasema hivi kama shangazi ambaye kila likizo naachiwa watoto wa kaka na dada zangu hapa mashariki ya Unguja. Na mwenzangu katika shughuli hii ni mama mmoja wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1873.

Margaret Gatty alizaliwa mwaka 1809. Mwaka 1839 aliolewa na Alfred Gatty, kasisi wa Ecclesfield, karibu na Sheffield. Chuo kikuu hakukigusa, maana wakati ule vyuo vikuu vya Uingereza havikuwa na nafasi ya mwanamke. Alizaa watoto 10, wawili kati yao wakafa wangali wachanga. Mwaka 1848 aliugua, akaenda Hastings, mji wa pwani ya kusini, kujiuguza. Huko ndiko mwani ulikomteka, akisaidiwa na kitabu cha William Henry Harvey, bingwa wa mimea ya bahari kutoka Ireland. Mwaka 1863 akatoa kitabu chake mwenyewe, British Sea-Weeds, chenye michoro ya rangi.

Sasa tazama ramani: Ecclesfield haina bahari. Kwa hiyo mwani aliufuata likizo, na uliobaki ukamfuata kwa posta, umekaushwa juu ya karatasi na kutumwa na watu aliokuwa akiandikiana nao. Harvey mwenyewe alikuwa mmoja wao, na jamii moja ya mwani wa Australia akaipa jina la Gattya kwa heshima yake. Nyinyi mnaoniambia kwamba haya ni mambo ya watu wa pwani, mko Dodoma au Kampala na watoto wenu hawana cha kuona, mwombeni ndugu aliye huku awatumie bahasha. Ukikauka vizuri haunuki. Au basi anzeni na ndago za hapohapo uani, njia ni ileile.

Kitu kilichonifanya nimpende ni utangulizi wa kile kitabu. Kabla hajafika mbali anawaambia wanawake wenzake wavae nini: viatu vya ngozi vya wavulana, soksi za sufu, sketi isiyopita kifundo cha mguu, na mambo ya kupendeza wayaweke kando kwa muda. Kwa enzi ile, mke wa kasisi kuandika hivyo si jambo dogo. Nami nawaambia hivyohivyo. Mwambani hapafai ndara. Maji yanazivua na mguu unabaki na matumbawe, au na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi ambao mwiba wao hukatikia nyayoni. Vaa raba kuukuu ya kufunga kamba. Dera lipandishe, ulifunge kibwebwe. Mkitoka, tokeni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapokupwa hadi mbali, na mrudi kabla hayajageuka. Watoto wawili kwa mtu mzima mmoja watosha. Mimi wa tatu simchukui hata alie.

Okoteni ulioletwa na mawimbi. Ulio hai kwenye mwamba uacheni, labda kipande kidogo pale unapoota kwa wingi. Na kwenye kamba za kina mama wakulima msiguse kabisa, hata uliolegea. Mwani wa kulima umeingia Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaoulima ni wanawake; kile ni chakula cha nyumba ya mtu. Kinachonishangaza ni kwamba watoto wa hapa wanaujua huo tu, ule wa kuanikwa na kupimwa kwa kilo, na mwingine wote wanauita takataka.

Somo langu la kwanza hufanyika palepale mchangani. Natafuta jani la bahari lililong'oka zima, lile refu la kijani kama utepe, na kando yake mwani. Nawaambia watafute mizizi. Kwenye lile jani la bahari wanaiona, tena na shina linalotambaa. Kwenye mwani wanakuta kitu kama kiganja kilichokuwa kimeng'ang'ania jiwe. Hicho kazi yake ni kushika tu, hakinyonyi chakula. Chakula mwani unajitengenezea mwili mzima kwa mwanga wa jua. Hapo sijataja jina hata moja la kitaalamu, na mtoto wa darasa la pili ameshajua kuutofautisha na jani la bahari, ambalo ni mmea unaotoa maua.

Nyumbani tunatumia sinia pana. Litie maji ya bahari, si ya bomba, maana mwani mwembamba mwekundu ukikaa kwenye maji yasiyo na chumvi unaharibika na kumwaga rangi. Uache mwani uelee humo. Nje ya maji ulikuwa donge la utelezi lisilo na sura, ukishaingia unafunguka tawi kwa tawi, mpaka vitawi vyembamba kama nywele. Watoto hunyamaza hapa, jambo ambalo nyumbani kwetu ni nadra. Pitisha karatasi nene chini yake, unyooshe matawi kwa sindano au brashi, kisha inua karatasi polepole kwa upande mmoja ili maji yachuruzike na mwani ubaki umelala juu yake. Funika kwa kipande cha kanga kuukuu iliyochakaa vizuri, weka magazeti chini na juu, gandamiza kwa vitabu vizito. Magazeti yabadilishwe kila siku hadi yatoke makavu. Gundi haitakiwi, ute wa mwani wenyewe unaushika kwenye karatasi. Ule mgumu wenye vifuko vya hewa haushiki, ushone kwa uzi. Na ule wenye chokaa, unaokauka ukawa mweupe, usiugandamize, utavunjika.

Gatty aliwaandikia watoto pia. Parables from Nature ilianza kutoka mwaka 1855, na mwaka 1866 akaanzisha jarida, Aunt Judy's Magazine, kwa jina la utani la binti yake Juliana, msimulizi wa nyumba ile. Visa vyake vina mahubiri mengi mno kwa ladha yangu, na humo alimkejeli Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, ambayo yeye Gatty aliipinga. Ruka hayo. Ila soma kile cha kipepeo anayemwachia kiwavi mayai yake na kumwagiza makinda yalishwe umande na asali ya maua. Kiwavi anahangaika, mpaka ndege anamwambia chakula chao ni majani ya kabichi, yaleyale anayotembelea. Hadithi nzima inasimama juu ya jambo la kweli kuhusu mdudu wa kweli. Ukitunga zako, fanya hivyo: mwani wako usiote mchangani mtupu, wala kaa wako asile kitu ambacho kaa hali.

Mwishoni mwa maisha yake maradhi yalimnyima mkono wa kuandikia, akawa anatamka na wengine wakiandika. Kwa hiyo usisubiri kujua kuandika vizuri, mtoto atamke na wewe uandike. Nyuma ya kila karatasi weka mahali, tarehe, uliokotwa wapi, mwambani au mchangani, na jina la aliyeuokota. Tumia penseli, wino utasambaa kwa unyevu wa huku. Halafu zitie kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko wa kubana, mbali na dirisha. Jua linaufubaza mwani mwekundu, na wenyewe hawatakusamehe.