Kabla hujamwita mpiga video: tangazo la kwanza la bidhaa yako

Kwa miaka kadhaa nimetengeneza matangazo ya video ya wafanyabiashara wadogo wa Mbeya, Njombe na Iringa: wasagaji wa kahawa ya Mbozi, wafungashaji wa mchele wa Kyela, wakamuaji wa mafuta ya parachichi, akina mama wa unga wa lishe. Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu nimeona mara nyingi mno fedha za mkopo wa kikundi zikiishia kwenye video nzuri isiyouza hata pakiti moja, na kila mara inaniuma.

Nianze na kahawa. Ndugu mmoja alikuja na kahawa ya kusaga, nzuri kweli, harufu yake ilijaa chumba pakiti ilipofunguliwa. Alitaka droni ipite juu ya milima, ukungu juu ya mashamba, yeye mwenyewe ofisini ndani ya suti, historia ya baba yake, mashine mpya ikizunguka. Tukafanya alivyotaka. Video ikawa ya dakika mbili na nusu, na pakiti yenyewe ilionekana mwishoni kwa sekunde tatu. Watu waliisambaza, wakasifu milima. Waliopiga simu waliuliza kama anatembeza watalii. Mzigo ukabaki dukani.

Sikuweza kuliacha jambo lile. Nikaomba ruhusa kwa mwenye duka mmoja pale Mwanjelwa, nikakaa kwenye kigoda asubuhi nzima karibu na rafu iliyokuwa na kahawa ile. Karibu kila aliyeshika pakiti aliuliza neno moja: "Hii ni ya kukoroga au ya kuchemsha?" Huku wengi tumezoea kahawa inayoyeyuka kwenye maji ya moto. Hii ya kusaga ukiikoroga vilevile unabaki na machicha mdomoni, na mtu aliyepatwa na hilo mara moja harudii kununua. Swali la pili lilikuwa la bei, lakini kwa namna yake: pakiti ya gramu 250 inatoa vikombe vingapi? Ukiweka gramu 10 kwa kikombe, ni vikombe 25. Hakuna aliyeuliza habari za baba wa mwenye kiwanda.

Tukarekodi upya, sekunde 30. Mama jikoni kwake, sufuria ndogo juu ya jiko, vijiko vinavyohesabika, chujio lilelile la majani ya chai, kikombe, na sauti yake ikisema pakiti moja ni vikombe 25. Tulirekodi asubuhi ya Juni. Kwa baridi ya Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, mvuke huonekana wenyewe. (Ukitaka uonekane vizuri, dirisha liwe nyuma ya kikombe, upande kidogo, na nyuma ya mvuke kuwe na kitu cha rangi nzito.) Safari hii waliopiga simu waliuliza duka liko wapi.

Kosa kubwa kuliko yote ni lile la video ya kwanza: mwenye bidhaa hutengeneza tangazo la kujifurahisha yeye, si la kumjibu mteja. Naelewa kwa nini. Umehangaika na usajili, na lebo iliyochapwa vibaya mara mbili, na mashine iliyokwama Tunduma, na unatamani watu waone ulikotoka. Una haki ya kujivunia. Lakini anayetazama simu yake akiwa ndani ya bajaji kutoka Uyole hajakuuliza hayo. Kwa hiyo kabla ya kuandika skripti, kabla hata ya kuulizia bei ya mpiga video, nenda ukakae dukani na daftari. Andika maswali kama yanavyoulizwa, kwa maneno ya wateja. Swali linalorudi mara nyingi kuliko mengine ndilo tangazo lako la kwanza. La pili lingoje tangazo la pili. Ukiyachanganya matano ndani ya sekunde 30, mtazamaji hataondoka na hata moja.

Na jibu lianze mara moja. Nembo inayozunguka kwa sekunde tano mwanzoni ni sekunde tano za kumpa mtu nafasi ya kupita. Anza na sufuria, anza na mkono unaofungua pakiti, anza na swali lenyewe. Wengi hutazama bila sauti, kwa hiyo maneno makuu yaandikwe pia kwenye picha, kwa herufi kubwa, na yasikae chini kabisa ambako TikTok na Instagram huweka maandishi na vitufe vyao.

Kuhusu mandhari, kila mtu anataka Kitulo. Ni kweli pale ni pazuri, lakini maua ya Kitulo huja na mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Nimewahi kuombwa "maua ya Kitulo" mwezi wa Julai, wakati nyasi zimekauka. Tena ile ni hifadhi ya taifa, kurekodi video ya biashara kunahitaji kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na droni ina vibali vyake kuanzia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Septemba na Oktoba, moshi wa mashamba na vumbi huficha milima kabisa. Kama bidhaa yako ni unga wa lishe, swali langu kwako ni hili: mlima unafanya nini humo?

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi, na watu hawaipi uzito mpaka wafike mezani pa kuhariri. Picha yenye giza kidogo mtazamaji huivumilia. Sauti isiyosikika haivumilii. Tulikwenda Tukuyu kurekodi mama mmoja anayesindika ndizi, tukapanga mazungumzo saa nane mchana chini ya paa la bati. Mvua ikashuka. Mvua ya Tukuyu juu ya bati haina dawa, hakuna programu itakayoitoa ikabakiza sauti ya mama yule. Tulirudi siku nyingine kwa nauli yetu. Tangu hapo, wakati wa masika mazungumzo narekodi asubuhi mapema, na maiki ndogo ya kubana kwenye kola haitoki begini. Kiwandani, zima mashine wakati mtu anaongea, kisha irekodi mashine peke yake.

Jambo dogo la kiufundi ambalo limeharibu video nyingi za ndani ya duka: umeme wetu ni wa hezi 50, na tyubu na taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Simu ikiwa kwenye fremu 30 (picha 30 kwa sekunde) na shata, yaani muda wa kunasa kila picha, ya 1/60 ya sekunde, mistari huanza kutembea kwenye picha. Weka fremu 25 na shata ya 1/50. Nje, kwepa saa sita hadi saa tisa, jua likiwa utosini na macho ya mtu yakigeuka mashimo meusi.

Msichukue msemaji kwa sababu tu anaongea kama mtangazaji wa redio. Mama wa Njombe mwenye lafudhi yake ya Kibena, anayeutumia unga ule kwa watoto wake, ana uzito ambao sauti ya kukodi haina. Mpe jambo la kufanya kwa mikono wakati anaongea, atasahau kamera. Na mwombe ridhaa yake kwa maandishi, mweleze video itatumika wapi na kwa muda gani, mlipe. Uso wake si mali yako.

Muziki: wimbo unaovuma mjini si wako kwa sababu umeupakua. Kazi za wasanii zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mitandao yenyewe inaweza kuizima sauti ya tangazo lako ukiwa umeshalipia lisambazwe. Mlipe kijana wa studio ya mtaani akutungie sekunde 30, na mwandikiane.

Kwenye chakula na vipodozi, usiseme "inatibu". Unga wa lishe ni chakula. Alama ya TBS, shirika la viwango, isionekane kwenye pakiti kama hujapewa leseni ya kuitumia. Na angalieni lebo mtakayoirekodi: bado nakutana na pakiti zilizoandikwa TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, wakati usajili wa vyakula na vipodozi ulihamia TBS mwaka 2019. Kamera ikiwa karibu, hilo linasomeka.

Fedha nazo. Wengi huja na laki tano na kuzimaliza zote siku ya kurekodi. Gawanya: nusu kutengeneza, nusu kusambaza, na omba video moja katika maumbo mawili, ya kusimama kwa ajili ya simu na ya kulala kwa ajili ya televisheni. Mwambie mpiga video mapema, maana picha iliyorekodiwa kwa kulala ukiikata isimame unapoteza pembeni kote, pamoja na pakiti uliyoiweka pembeni. Andikianeni pia idadi ya marekebisho. Bila hilo, nimeona urafiki ukivunjika kwenye toleo la tisa.

Hakikisha mzigo uko madukani kabla ya kurusha, na namba iliyo kwenye video ina mtu wa kuipokea siku hiyo. Halafu, kabla hujalipa salio, mtumie shangazi yako aliyeko Chunya video hiyo kwa WhatsApp, kwenye simu yake ya kawaida, bila maelezo yoyote. Mpigie baada ya dakika kumi umuulize kinachouzwa ni nini, kinatumikaje na kinapatikana wapi. Akishindwa kujibu mawili kati ya hayo, irudisheni kwenye kuhariri.