Ratiba ya zamu haitoi moshi

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Umesema kwenye grupu la familia, mbele ya wakubwa na wadogo, kwamba ubaguzi wa rangi huku Uingereza ni wa watu wanaojidharau wenyewe, na mtu akijiamini na kuchapa kazi hakuna wa kumgusa. Ukaongeza kwamba rafiki yako wa Manchester hajawahi kubaguliwa hata siku moja. Ukafunga na swali: "Kwani dada, alikutukana nani, na alisema nini hasa?" Wajomba wakakuwekea dole gumba. Haya, nakujibu hapahapa, ili na wao wasome.

Mnajua nafanya kazi nyumba ya wazee. Mkiongea na majirani mnasema "yuko hospitali", na mimi sijawahi kuwasahihisha, basi tuendelee hivyohivyo. Kazi yenyewe ni kumwamsha mtu, kumvua, kumwosha, kumbadilisha pampasi, kumvalisha, kumlisha. Kuna mzee mmoja kumbukumbu zimemtoka. Nikimsogezea taulo ananipiga kofi la mkono na kuniambia nitoe mikono yangu michafu. Mikono ina glavu. Yeye ndiye kajichafua mpaka kiunoni, na mimi nimeinama namsafisha. Hilo ndilo tusi unalolitafuta: lina maneno, lina kofi, na lina mashahidi. Mzee wa watu simhesabii, hata jina la mwanawe halijui. Katika yote yaliyonipata huku, hilo ndilo dogo.

Kubwa halikuwa na neno baya hata moja. Ghorofa ya juu kuna bibi mwenye akili timamu, anasoma gazeti lake mwenyewe, adabu zake hakuna wa kumfikia. Asubuhi moja nimeingia kazini, nikamkuta msimamizi wa zamu anakata jina langu kwenye ratiba ya ghorofa ile kwa kalamu ya bluu, juu yake anaandika la mwenzangu mzungu aliyeajiriwa nyuma yangu. Nikamuuliza kulikoni. Akacheka kidogo: "Ni mambo ya kuzoeana tu, na yule anajisikia huru zaidi." Baadaye aliyekatwa akawa dada wa Ghana. Akafuata kaka wa Zimbabwe. Hakuna aliyefokewa. Bibi tukikutana kwenye korido ananiuliza kama baridi hainisumbui sana. Sasa niambie wewe: alinitukana nani, na alisema nini hasa?

Hapo ndipo pasipofikika kwa kusimuliwa. Tusi linauma likapoa. Kisichopoa ni ile kesi unayoiendesha kichwani, wewe mwenyewe mlalamikaji, wewe mwenyewe hakimu. Ni rangi? Ni lafudhi? Au kweli mimi ni mzito wa mikono, vifungo vya blauzi vinanishinda? Unaingia nayo bafuni, unapanda nayo basi. Ukimwambia mtu, anakurudishia: una hakika? Labda hakuwa na maana hiyo. Hakika naitoa wapi? Kila tukio ukiliangalia peke yake lina maelezo yake mazuri kabisa.

Tena nikwambie jambo ambalo huenda likakushangaza: hata mimi ninayeishi na ubaguzi huu siuoni wote. Watafiti wa Chuo cha Nuffield, pale Oxford, waliwatumia waajiri wa Uingereza maelfu ya maombi ya kazi ya kubuni. Sifa zilezile, uzoefu uleule, majina na asili tofauti. Matokeo yakatoka 2019: mwombaji wa jamii za wachache ilibidi atume maombi zaidi kwa asilimia 60 ndipo apate majibu ya kutia moyo sawa na Mwingereza mweupe. Sasa mchukue mtu halisi, ana rundo la barua za "tunasikitika kukufahamisha". Hawezi kuchomoa hata moja akasema, hii hapa ni ya rangi. Lazima aje mtu wa pembeni azijumlishe. Kwa hiyo rafiki yako wa Manchester akisema hajawahi kubaguliwa, labda ni kweli. Labda hajajua. Na labda anajua vizuri sana ila hataki mama yake akose usingizi, maana sisi wabeba boksi wa ughaibuni wote tuna picha za kutuma nyumbani na picha za kubaki nazo.

Nyie si kwamba hamuelewi chochote. Kumbukeni 2024. Tarehe 29 Julai wasichana wadogo watatu waliuawa kwa kisu mjini Southport, ukazushwa uvumi kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyeingia kwa boti. Uongo, alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff. Agosti 4 umati ukavamia hoteli karibu na Rotherham walimokuwa wakiishi waomba hifadhi, wakataka kuichoma na watu ndani. Simu yangu haikupumzika. Mama alikuwa analia, wewe mwenyewe uliniambia nisitoke nje. Hamkuniuliza nani kasema nini. Mlielewa mara moja kwa sababu mliona moshi. Ghasia zikatulizwa, mkarudi kwenye picha za harusi. Ratiba ya zamu haitoi moshi, mdogo wangu, na kwenye runinga haionyeshwi.

Swali la kama mtu anaweza kuelewa asichokionja watu wamelihangaikia zamani. Kuna mwandishi wa habari mzungu wa Texas, John Howard Griffin, ambaye 1959 aliibadili ngozi yake kwa dawa na taa za mionzi mpaka akawa mweusi, akaenda kuzunguka majimbo ya Kusini mwa Marekani kwa wiki kadhaa. Akakionja. Aliporudi akasimulia, na wazungu wengi wakashtuka kweli. Simdharau hata kidogo, maana kwao sanamu yake ilitundikwa kama ya mtu aliyenyongwa, na familia ikabidi ihame kwa muda. Lakini jamani, weusi wa Kusini walikuwa wakisema hayohayo kwa vizazi! Ushahidi ulikuwepo mezani miaka yote, ila ukaonekana ushahidi siku uliposemwa na mtu ambaye ngozi yake ingerudi. Griffin alielewa kiasi gani sijali sana. Ninachouliza ni kwa nini wenyewe hawakuaminiwa.

Wewe nawe usinipime hivyo. Usiningoje mpaka upate mzungu wa kunithibitishia.

Shangazi yetu hajawahi kukanyaga Ulaya. Miaka yake ya kazi za ndani Uarabuni mnaijua, ingawa hamjawahi kumuuliza habari zake. Kwenye grupu hakutia neno. Alinipigia usiku, na swali lake lilikuwa moja tu: "Siku hiyo ulikula na nani?" Nilikuwa nimekula kwenye ngazi za nyuma, peke yangu, kwa sababu kwenye chumba cha mapumziko ningelazimika kucheka. Sikuwa nimemwambia mtu. Mnaona? Hakuna haja ya kuwa mweusi katikati ya wazungu ili ujue pa kuuliza. Wewe pia unapajua ukitaka: huyo binti anayewapikia hapo nyumbani mnamwita wakati wa kula, au anakula jikoni mkishamaliza?

Na mwingine aliyenifaa ni Mwingereza, mama mtu mzima, tunakuwa naye zamu za asubuhi. Si mtu wa maneno. Alichukua fomu ya matukio akaandika yeye, kwa jina lake, kwamba wafanyakazi weusi wanaondolewa ghorofa ya juu mmoja baada ya mwingine, na tarehe akaweka. Hakuniambia "nakuelewa", na bora hakuniambia, ningemjibu vibaya. Alifanya jambo ambalo nchi hii ilifundishwa kwa damu. Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, alichomwa kisu kituo cha basi Eltham, kusini mashariki mwa London, tarehe 22 Aprili 1993. Polisi waliivuruga kesi, na wazazi wake, Doreen na Neville, wakagoma kunyamaza. Ripoti ya Jaji William Macpherson ya Februari 1999 ikasema wazi kwamba polisi wana ubaguzi wa kitaasisi, yaani uliojengeka katika utendaji wao wenyewe. Ikapendekeza pia kwamba tukio la kibaguzi ni tukio lolote lililoonekana hivyo na aliyetendewa au mtu mwingine yeyote. Maana yake ni kwamba linaandikwa kwanza, linachunguzwa, mabishano baadaye. Hata hivyo wauaji wawili walikuja kutiwa hatiani 2012. Piga hesabu mwenyewe wale wazazi walisubiri muda gani.

Utauliza kwa nini fomu sikuandika mimi. Kwa sababu viza yangu imefungwa kwa mwajiri. Akiondoa udhamini, kwa kawaida unabaki na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kufunga mizigo. Zile za kujiamini zako nazisikia, lakini kujiamini hakuongezi siku kwenye viza. Na mwisho wa mwezi kuna ada, kuna dawa za mama, na kuna wewe.

Sasa ushauri, maana najua utakuja tu. Ukija, jiunge na chama cha wafanyakazi wiki ya kwanza. Kila kitu kiandike, tarehe, saa, nani alikuwepo. Halafu usiandike kila kitu, utachanganyikiwa. Mengine yaache yapite kama hukusikia. Usijifungie na Waswahili wenzako, kuna wazungu watakaokufaa kuliko ndugu wa damu. Na usimwamini mtu haraka, hata kama anacheka vizuri. Kama una kazi inayokulisha hapo, baki. Kama huna, njoo, nami nitakupokea, na vya kulalamika tutalalamika wote.

Ila usije kwa njia ya kuosha wazee. Hiyo haipo tena. Tangu 11 Machi 2024 mfanyakazi mpya wa nyumba za wazee haruhusiwi kuja na mke wala watoto, na tangu 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi kabisa kuajiri watu wa kazi hiyo kutoka nje ya nchi. Yule wakala uliyesema amekuahidi cheti cha udhamini ni tapeli, hata kama kamsafirisha mtoto wa fulani mwaka juzi. Nitumie jina lake na karatasi alizokupa kabla hujampa hata senti.