Shamba zuri au "mandhari ya kuvutia"?

Swali: Natafsiri maandishi ya Arthur Young, Mwingereza aliyezunguka mashamba ya nchi yake katika karne ya 18. Akilisifia konde uzuri, niandike "lina mandhari ya kuvutia"? "Zuri" naliona neno jepesi.

Jibu: Usithubutu. "Mandhari ya kuvutia" imekuwa kiraka cha kila tundu: hoteli inayo, kiwanja kinachouzwa kinayo, bustani ya harusi inayo, na msomaji haambiwi aliyevutwa ni nani wala kilichomvuta ni nini. Kuvutia ni mtoto wa kuvuta. Mvutano usipoonekana, neno halina kazi. "Mandhari" nayo tumeipata kwa Waarabu, shina moja na "nadhari": ni jambo la macho.

Young hakuishia kwenye macho. Tangu kitabu chake cha safari cha 1768 aliuliza kodi ya ekari, ujira wa vibarua, kiasi cha mbegu na busheli (kipimo cha nafaka) zilizovunwa. Tazama mzunguko wa mazao wa Norfolk, jimbo la mashariki mwa Uingereza: tanipu (zao la mizizi), shayiri, klova (majani ya malisho), ngano, kimoja baada ya kingine katika konde lilelile. Tanipu hupaliliwa mara mbili, kisha kondoo hufungiwa humohumo wazile na kuacha samadi. Shayiri hufuata, na klova hupandwa katikati yake; mwaka unaofuata klova hulisha mifugo na kuurutubisha udongo kwa ajili ya ngano. Palizi ikirukwa, magugu huisonga shayiri. Klova ikirudishwa palepale upesi mno, udongo huikataa. Kwa mtu wa namna hii, konde la tanipu lisilo na gugu hata moja ni zuri kwa sababu limepaliliwa. Ukiandika "la kuvutia" umeifuta palizi.

Na Kiswahili kina neno lake tayari. Mvua nzuri, udongo mzuri, mahindi mazuri: nani hapo anafikiria sura peke yake? "-zuri" hubeba sura na faida kwa pamoja, bila kuongezewa chochote. Hilo neno si jepesi hata kidogo.

"Mandhari" mwekee William Gilpin, kasisi Mwingereza wa wakati uleule, ambaye kitabu chake cha 1782 kuhusu mto Wye kilitafuta vinavyofaa kuchorwa. Huko Tintern, kando ya mto huo, aliona kuta za gofu la abasia (nyumba ya watawa) zimenyooka kupita kiasi, akawaza kwamba nyundo ingezisaidia. Kwake neno hilo ni halali.

Kwa Young andika "shamba zuri", na kodi ya ekari uiache palepale alipoiandika.